Sistemu ya Pili Ililala Kashebere

Mwezi uliopita nilifunga mashine ya mwisho ya Pelikani kwa skrubu tatu, maana ya nne ilipotea zamani kwenye majani ya Nyabiondo na huenda ng'ombe aliimeza, nikajua kazi yangu imekwisha. Nina miaka arobaini na sita. Watu wanasema huo si umri wa kustaafu. Nawajibu kwamba mimi sikustaafu, ni mashine zilizonistaafisha. Fundi wa Pelikani pasipo na Pelikani ni kama padri aliyepewa parokia ya mbuzi.

Ninyi wadogo zangu mnaotengeneza simu pale Sake na Masisi mmenisumbua niandike namna tulivyofanya kazi wakati wa vita. Haya. Vyeo sitavitaja: nilikuwa na kimoja tu, "ule wa ordinatere", yaani wa kompyuta, nacho hakikupanda wala kushuka. Mshahara nao tuuache upumzike, maana hata wakati ule ulipumzika sana.

Pelikani ilikuwa ordinatere ya nyumbani, klavye ya vitufe, nene kama tofali, akili yake yote ikiwa ndani ya klavye hiyo. Kioo haikuwa nacho. Uliichomeka kwenye televizyo, kama ulikuwa na televizyo. Mradi mmoja wa jibini, ambao siku hizi haupo, ulileta saba. Nne zilikwenda kwa watengeneza jibini wa Kirolirwe, mbili kwenye shule ya Nyabiondo, na moja ikaonekana dukani kwa Papa Katembo kule Kashebere, bila mtu kuuliza ilifikaje. Kiwanda kilichozitengeneza, mbali huko Ulaya, kilikuwa kimefunga milango kabla sisi hatujafungua maboksi. Hatukujua. Tulikuwa tukishangilia mtoto ambaye mama yake alikwisha kuzikwa.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Kirolirwe. Nilikuwa nimemaliza sekondari, nina diploma na viatu vya kuazima. Fundi mkuu alikuwa Papa Safari, mtengeneza redio, ambaye alikabidhiwa mashine zote saba kwa sababu ndiye pekee katika eneo zima aliyekuwa na miwani. Mashine ilikuwa imekataa kuwaka. Nikakimbilia turnevisi ili nianze kufungua skrubu. Akanipiga kofi dogo mkononi.

"Funga macho kwanza. Nusa."

Nikanusa. Nikamwambia nasikia harufu ya maziwa.

"Hiyo ni sisi. Nusa mashine."

"Hainuke kitu, Papa."

"Basi haijaungua. Kama inanuka, ugonjwa iko mu umeme. Kama hainuke, iko mu disketi ao mu kichwa inayosoma disketi. Masomo yako ya miaka sita ilikufundisha hiyo?"

Hayakuwa yamenifundisha. Vifaa vyetu vilikuwa hivi: turnevisi mbili, mswaki ambao haukuwahi kuona meno, kifutio cha penseli cha kusugulia vyuma vilivyoshika kutu, chuma cha kulehemu tulichokipasha moto kwenye makaa, na chupa ndogo ya kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji, kwa kusafishia kichwa. "Kichwa ya mashine," Papa Safari alikuwa akisisitiza, "hapana kichwa ya fundi." Sheria hiyo aliivunja Jumapili tu.

Kazi ilinifaa kwa sababu mimi siwezi kukaa mahali. Nikimaliza wiki mbili Kirolirwe, miguu inaanza kuniwasha. Mama yangu alidhani ni funza, akanichunguza vidole na sindano. Pelikani zilinipa sababu ya heshima ya kuzunguka. Nilitembea na begi langu kati ya Kirolirwe, Nyabiondo na Kashebere, vita vikija na kwenda, na mara nyingi nilikuta kijiji kimehama lakini mashine imebaki, au mashine imehama na kijiji. Mara moja nilitengeneza moja chini ya hema la wakimbizi, mwenyewe akiwa ameiokoa kabla ya sufuria. Mke wake hakuwa amemsamehe.

Sasa sikilizeni habari ya sistemu, maana ninyi simu zenu huwaka zikijua jina lao. Pelikani ikizimwa ilisahau kila kitu. Kila asubuhi uliingiza disketi yenye sistemu, ukangoja muda wa kuchoma hindi moja, kisha kwenye televizyo akatokea ndege mweusi na mweupe akapiga bawa moja. Bawa la pili hakulipiga kamwe. Hiyo ilikuwa Sistemu ya Pili, na bila disketi yake mashine ilikuwa tofali.

Mtu wa kwanza kuielewa sistemu vizuri kuliko mimi hakuwa amesoma. Alikuwa Mama Furaha, mkulima wa maharagi wa Nyabiondo, ambaye alipikia walimu na kulinda shule. Alinikuta nikinakili disketi.

"Kaka, hiyo njo mbegu yake?"

Nikamweleza kwamba ni programu inayoiamsha mashine.

"Kila asubuhi unaiweka, njo inaota?"

"Njo vile, Mama."

"Basi ni mbegu. Na inalala wapi?"

Nikamwonyesha sanduku la bati, zuri, lenye kufuli, disketi zote ndani. Alicheka mpaka akaweka jembe chini. Watu wa milima ile hawalazi mbegu nyumba moja. Kabla ya mvua, kila mama hutenga sehemu ya mbegu yake akaipeleka kwa shemeji au wifi ng'ambo ya mlima, ili moto, panya au watu wenye bunduki wakifika kwake wasimalize ukoo wote wa maharagi. Ili aniache nifanye kazi, nilimpa nakala moja ya Sistemu ya Pili. Baada ya mwezi nikaikuta juu ya jiko lake, imefungwa pamoja na mahindi ya mbegu, nyeusi kwa moshi. Nikamfokea. Nikamsomea ukurasa wa kitabu unaosema disketi zikae mahali pakavu, safi, pasipo na moshi.

"Ndiyo, Papa," akasema. Aliponiita kaka tulikuwa tunaelewana. Aliponiita Papa nilipaswa kujua kwamba hajakubali.

Mustakabali wa Pelikani tuliusoma kwenye karatasi ya kufungia sabuni. Papa Katembo alikuwa mfanyabiashara aliyetoka upande wa Butembo, mwenye duka, malori mawili na rozari kwenye kila kioo cha lori. Sabuni zake zilifika siku moja zimefungwa kwa kurasa za gazeti la wapenzi wa Pelikani wa huko ng'ambo. Tuliposoma ndipo tukajua kwamba kiwanda kimekufa. Lakini kulikuwa na watu waliokataa kuiacha mashine ife, nao walikuwa wakiandika Sistemu ya Tatu, ambayo ita... Hapo ukurasa ulikatika. Nusu ya pili ilikuwa imefungia sabuni nyingine, iliyouzwa kwa mtu wa Walikale ambaye hatukumjua.

Tukakaa na ile "ita" mwaka mzima. Watengeneza jibini walisema itahesabu ng'ombe yenyewe. Papa Katembo alisema italeta rangi. Prefe, yaani mkuu wa shule ya Nyabiondo, mtu mwembamba aliyependa Kifaransa kuliko chakula, alisema kwa hakika itaandika zile alama ndogo za juu ya herufi, ambazo Sistemu ya Pili haikuzijua na yeye alizitia kwa kalamu, moja moja, kwenye kila buletini, ile ripoti ya masomo ya kila mwanafunzi. Papa Safari peke yake alisema, "Mashine ya muzee munataka kuipa mawazo ya kijana. Itaanguka."

Papa Safari alifariki kabla haijafika, kwa ugonjwa, kitandani kwake, jambo ambalo wakati ule watu walilitaja kwa wivu. Akaniachia mswaki.

Halafu Sistemu ya Tatu ikafika kweli! Mtoto wa dada ya Papa Katembo alikuwa akisoma Ulaya, akaituma, disketi mbili ndani ya soksi. Ndege alikuwa na rangi kumi na sita na alipiga mabawa yote mawili. Prefe aliandika neno moja lenye alama, akalitazama, akafuta macho.

Nami nikafanya kosa ambalo nimeliweka moyoni hadi leo. Ili kuigawa Sistemu ya Tatu kwa mashine zote nilihitaji disketi, na disketi mpya hazikupita tena njia ya Goma. Nilichofanya ni kufuta zile za Sistemu ya Pili, moja baada ya nyingine, kijiji kwa kijiji, nikaandika ya Tatu juu yake.

"Fundi," Prefe aliniuliza, "ile ya Pili hatutaihitaji tena?"

"Prefe, ile imekufa. Mimi ninaizika tu."

Wiki mbili baadaye nilikuwa Nyabiondo bado, jambo lisilo la kawaida, mvua ilinizuia. Ilikuwa Jumanne. Prefe akafungua faili la pointi za wanafunzi, na mashine ikamjibu kwa Kifaransa safi, kila alama juu ya herufi yake, kwamba inasikitika lakini faili hilo haiwezi kulisoma.

Alijaribu tena. Ikasikitika tena.

Hapa niwaeleze uzito wake. Shule ilikuwa na wanafunzi kumi na wanne wa mwaka wa sita, waliotakiwa kufanya mtihani wa dola, yaani wa taifa. Mkaguzi alikuwa anapita Jumamosi kuchukua dosie zao, yaani majalada, na bila pointi za mwaka wa tano na wa sita hakuna mtihani. Karatasi hazikuwepo. Askari walikuwa wamelala shuleni mwezi mzima, wakasokotea tumbaku daftari zote. Pointi za hesabu za miaka mitatu zilivutwa. Zilizobaki zilikuwa kwenye disketi ya faili ya Prefe, ambayo sikuigusa, zimeandikwa kwa Sistemu ya Pili. Na wakati ule mwaka mmoja haukuwa mwaka mmoja. Mvulana aliyekosa mtihani alipewa bunduki, msichana alipewa mume. Mmoja wa wale kumi na wanne alikuwa Furaha mwenyewe, mtoto wa Mama Furaha.

"Irudishe ya Pili," Prefe akasema.

"Nimeifuta."

"Ya Kirolirwe?"

"Nimeifuta."

"Ya Papa Katembo?"

"Nimeifuta, Prefe. Hata alinipa soda."

Prefe akakaa kwenye kiti cha wanafunzi, magoti yakamfika kidevuni. Mlangoni Mama Furaha alikuwa anamenya muhogo. Hakuinua kichwa.

"Ile yangu njo haujafuta."

"Ile ya moshi?"

"Si uliniambia niitoe ku moshi? Niliitoa. Iko inalala Kashebere, kwa wifi yangu Mama Nyota."

Kesho yake alfajiri nikaondoka. Pikipiki hazikutembea wiki hiyo kwa sababu ya hofu, nikaenda kwa miguu, nikafika Kashebere saa tisa pamoja na mvua. Mama Nyota alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya chini. Alinikaribisha, akanipa bugali na sombe ya majani ya muhogo, akangoja nimalize.

"Mama, wifi amenituma nichukue disketi yake."

"Siko na disketi. Niko na mbegu ya wifi."

"Njo hiyo, Mama."

"Kitunga iko wapi?"

Kitunga ni kikapu. Nikamwonyesha begi langu la kazi. Nikamweleza kwamba kitu chenyewe ni kidogo kama kiganja, kinaingia hata mfukoni.

"Muntu anayechukua mbegu mu mufuko, ule ni mwizi. Nikikupa hivi, njaa itakufwata mpaka ku wifi yangu. Enda, rudia na kitunga."

Nikakimbilia dukani kwa Papa Katembo. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Fundi, afazali umekuja. Barua zangu zote za mwaka huu, nikifungua, inasikitika. Nikifungua ingine, inasikitika. Hii sistemu yako ya Tatu iko na heshima mingi kuliko kazi."

"Papa, ni ninyi mulioileta."

"Mimi nilileta. Weye njo ulizika ingine."

Akanipa beseni la plastiki la buluu, jipya. Nikaenda nalo. Mama Nyota akalitazama kama mtu anayetazama kiatu juu ya meza.

"Hiyo ni ya kuoshea mutoto."

Nikarudi. Papa Katembo akapanda kwenye kiti, akashusha kitunga cha mama yake mzazi, kilichotoka naye Butembo na sasa kiliwekewa mayai. Akatoa mayai moja moja, akayapanga juu ya Pelikani, kisha akakiweka kitunga kichwani mwake mwenyewe, mwenye malori mawili, tukaenda wote kwenye mvua. Watu walitoka nje kutazama. "Papa Katembo, lori imeharibika?" mmoja akauliza. Shingo yake ilikuwa imenyooka vizuri sana. Mtu hasahau kazi ya utotoni.

Mama Nyota alitikisa kichwa, akaridhika. Akaleta kibuyu kilichozibwa kwa udongo. Akakivunja mdomo, akamwaga majivu, kisha maharagi, na katikati ya maharagi, ndani ya ganda kavu la mgomba, disketi yangu. Akajaza kitunga maharagi hadi juu, disketi akaiweka kileleni kama yai.

"Mama, mimi nahitaji disketi tu."

"Mbegu haiendake peke yake."

Basi Alhamisi nilirudi na kitunga kizima cha maharagi kichwani, diploma yangu ikiwa imenisaidia hadi hapo. Karibu nusu ya njia kulikuwa na kizuizi, kijana mwenye bunduki, wa upande gani sijui, na siku zile sidhani yeye mwenyewe alijua kila asubuhi.

"Unabeba nini?"

"Mbegu."

Akafungua ganda la mgomba. "Na hii?"

Nilikuwa nimechoka kudanganya. "Ni mbegu ya ordinatere."

Akaigeuza. Akavuta kile kichuma chake kidogo, kikafunguka, kikajifunga. Akavuta tena, moyo wangu ukifunguka na kujifunga nacho.

"Unaipandaka wapi?"

"Nyabiondo, ku masomo."

Akawaza. Labda alikuwa na masomo yake aliyoyaacha mahali. Akairudisha ndani ya ganda kwa uangalifu, akachota maharagi mara mbili kwa mikono yote, akasema, "Ikiota, utatuletea."

Ijumaa mchana, televizyo ya Prefe ikiwa mezani na jenereta ikiwa na nusu lita ya mafuta, wanafunzi kumi na wanne walisimama nyuma yangu. Niliingiza disketi. Mashine ikasema kraa, kraa, ikanyamaza. Nikafumba macho, nikanusa. Hakuna harufu. Basi ni kichwa.

"Mama Furaha, unisaidie na kanyanga kidogo."

"Mimi siuzishe kanyanga," akasema mbele ya Prefe, na chupa ilikuwa tayari mkononi mwake.

Nikasafisha kichwa kwa mswaki wa Papa Safari, jivu la Kashebere likatoka. Nikaingiza tena. Tukangoja muda wa hindi moja. Ndege mweusi na mweupe akatokea, akapiga bawa lake moja, na darasa likapiga kelele hata mbuzi wa jirani wakakata kamba.

Printa hatukuwa nayo, na mafuta yalikuwa yanaisha, kwa hiyo niliingiza disketi ya faili, Prefe akasoma pointi kwa sauti na wanafunzi wakaandika, kila mmoja zake, mbele ya wote.

"Furaha. Shimi: tano juu ya ishirini." Shimi ni kemia.

"Tano?" Mama Furaha akauliza kutoka mlangoni.

"Mama, ni wakati tulikimbia."

"Tulikimbia mwezi wa tatu. Shimi uliikimbia mbele yetu."

Mvulana mmoja aliuliza kama ile mbili ya fizikia labda ni tisa iliyokosa umeme. Prefe akasema ni mbili, na umeme ni mzuri. Jenereta ilizimika Prefe akitaja pointi ya mwisho ya mwanafunzi wa kumi na nne. Mkaguzi alikuja Jumamosi, akachukua dosie, akalalamika kuhusu mwandiko. Wote kumi na wanne walifanya mtihani. Furaha leo ni muuguzi, na shimi bado haipendi.

Mama Furaha alipima maharagi, akaona kipimo kimepungua. Nilipomwambia ni nani aliyechukua, alisema tu, "Basi na yeye apande." Baada ya mavuno alinilazimisha kurudisha kwa Mama Nyota kitunga kilichojaa zaidi ya kile nilichochukua, ndani yake nakala mbili za Sistemu ya Pili mahali pa moja.

Mwaka huohuo wenye mashine walikutana Kashebere kuamua mustakabali. Haikuchukua muda. Papa Katembo mwenyewe ndiye aliyesema: Sistemu ya Pili irudi ndani ya mashine, ya Tatu iingie ndani ya kibuyu, na siku tutakapopata ile nusu ya pili ya ukurasa wa gazeti tutaitoa. Prefe alirudi kwenye kalamu yake na alama zake ndogo. Ukurasa hatujaupata. Pelikani zilikufa moja moja, kwa uzee na kwa radi, na mwezi uliopita pale shuleni Nyabiondo nilinusa ya mwisho. Ilinuka.

Nikachukua disketi zilizobaki, tisa, za Pili na za Tatu, nikazipeleka kwa Mama Furaha. Amezeeka, meno machache, sauti ileile. Nikamwambia nimestaafu, mashine zimekwisha, hizi namrudishia kwa heshima.

Alizihesabu. Akaweka tatu ndani ya kibuyu, akakiziba kwa udongo. Sita akazifunga kwenye ganda la mgomba, akaingia ndani, akatoka na kitunga.

"Tatu peleka Kashebere. Zingine Kirolirwe."

"Mama, nimekwambia mashine zimekufa zote."

"Nimesikia."

"Na mimi nimestaafu."

"Ndiyo, Papa," akasema, akaanza kumimina maharagi.

Kesho yake nilikuwa njiani kabla ya jua, kitunga kichwani. Nisiseme uongo: miguu ilikuwa imeanza kuniwasha tangu Jumanne.